Bei ya Amri na Gharama Isiyotajwa: Uchumi wa Pakiti ya Unga

Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkumbusha mtu asidharau jasho la wengine, lakini ndani yake mna somo la kwanza la uchumi: hakuna kitu kimfikiacho mlaji ambacho hakikumgharimu mtu. Pakiti ya unga iliyo kwenye rafu ya duka imepitia kwa mkulima aliyenunua mbegu na mbolea, kwa mwenye lori aliyenunua dizeli, kwa kinu kilichotumia umeme, na kwa mwenye duka anayelipa kodi ya pango. Bei iliyobandikwa juu yake ni muhtasari wa safari hiyo yote. Mtu akiifuta na kuandika nyingine iliyo ndogo, huwa amebadilisha maandishi. Safari yenyewe hajaifupisha.

Tawi la uchumi linalochunguza maamuzi ya kaya, ya mfanyabiashara na ya soko moja moja hufundishwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa dhana chache tu: uhaba, ugavi na mahitaji, gharama ya fursa, na vivutio vinavyomsukuma mtu kutenda. Dhana hizo si ngumu. Hata hivyo, nchini Kenya zimefungiwa katika mihadhara ya Kiingereza, ilhali maamuzi yanayozihusu hutangaziwa umma kwa Kiswahili cha jukwaani: unga utashuka, riba itapungua, mafuta yatakuwa nafuu. Mwananchi hupewa bei, nayo hesabu huachiwa wataalamu. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba hesabu hiyo ni haki ya mwananchi pia, kwamba Kiswahili kinaiweza, na kwamba bila hesabu hiyo umma utaendelea kushangilia punguzo ambalo wenyewe ndio wanaolilipia.

Miaka miwili ya unga nafuu

Mfano ulio karibu zaidi ni wa unga wa mahindi. Ukame uliojitokeza mwishoni mwa mwaka 2016, pamoja na viwavijeshi waliovamia mashamba mwaka uliofuata, ulipunguza mavuno, na bei ya pakiti ya kilo 2 ikapita shilingi 150. Mwezi Mei 2017, miezi mitatu kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti, serikali ilitangaza kwamba pakiti hiyo ingeuzwa kwa shilingi 90. Ili jambo hilo liwezekane, wenye viwanda vya kusaga waliuziwa gunia la kilo 90 kwa shilingi 2,300, na mahindi yakaagizwa kutoka nje, Mexico ikiwa miongoni mwa nchi yalikotoka. Yaliyofuata madukani yanakumbukwa na wengi: foleni ndefu, rafu tupu, na ilani zilizomruhusu mnunuzi pakiti mbili pekee.

Miaka mitano baadaye mchezo ulirudiwa. Tarehe 20 Julai 2022, wakati bei za nafaka zilikuwa zimepandishwa na ukame na vita vya Ukraine, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba pakiti ya kilo 2 ingeshuka kutoka shilingi 205 hadi shilingi 100 kwa wiki nne. Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 9 Agosti. Kwa mara nyingine unga wa bei mpya ukawa wa kusikika redioni zaidi kuliko wa kuonekana dukani. Tarehe 13 Septemba, katika hotuba ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alisema kwamba ruzuku hiyo ilikuwa imemeza shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila ya kuleta nafuu iliyokusudiwa.

Wepesi wa kulaumu ungemfanya mtu aseme kwamba wenye maduka walikuwa waovu au kwamba serikali haikuwa makini. Huenda kuna ukweli katika hayo, lakini maelezo ya msingi hayahitaji mwovu hata mmoja. Tangazo haliongezi gunia ghalani. Bei inaposhuka ghafla, anayenunua pakiti moja hutaka mbili, mwenye hofu ya kesho huweka akiba, na aliyekuwa amegeukia viazi au wali hurejea kwenye ugali. Mahitaji yanaongezeka siku ile ile ambayo muuzaji hana sababu ya kuharakisha kuleta bidhaa zaidi, hasa anapokuwa hana hakika kwamba fidia yake italipwa kwa wakati. Kati ya kinachotakiwa na kilichopo panazuka pengo, na pengo hilo ndilo foleni.

Hapo ndipo dhana ya gharama ya fursa, yaani thamani ya kile mtu anachokiacha ili apate kingine, inapofaa. Bei isipoachwa kuamua nani apate unga, kitu kingine kitaamua: muda, kujuana na mwenye duka, au kuishi karibu na mji. Chukulia mama anayefanya kazi ya kibarua kwa ujira wa shilingi 400 kwa siku. Akipoteza nusu siku katika foleni, pakiti inayosemwa ni ya shilingi 100 imemgharimu shilingi 300. Aliye na mtumishi wa kumtuma dukani, au aliye na gari la kuzunguka kutoka duka moja hadi jingine, ameupata kwa bei iliyoandikwa. Kwa hiyo bei ya amri haikuondoa tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho. Iliihamisha kutoka kwenye sarafu hadi kwenye saa. Mshika mbili, wasemavyo wahenga, moja humponyoka, na kwa mama huyu kilichomponyoka ni mshahara wa nusu siku ambao hakuna takwimu ya ruzuku iliyouhesabu.

Kuvuja kwa pakacha

Swali la pili ambalo mwanafunzi wa uchumi hufundishwa kuuliza ni hili: mpango unapotangazwa, ni nani atakayebadilisha mwenendo wake? Mpangaji aghalabu hudhani kwamba watu watabaki walivyokuwa na kwamba kitakachobadilika ni bei tu. Lakini mfanyabiashara naye husikia tangazo.

Mkasa wa mahindi wa mwaka 2017 na 2018 ni ushahidi wa kutosha. Baada ya serikali kuwauzia wenye viwanda gunia kwa shilingi 2,300, Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao ilitangaza kununua gunia kama hilo kwa shilingi 3,200 katika msimu uliofuata, kwa nia njema ya kumpa mkulima moyo. Tofauti ya shilingi 900 kwa gunia ikawa wazi kwa kila mwenye lori na ghala. Yeyote aliyeweza kupata mahindi ya bei ya chini, yawe ya ndani au ya kutoka ng'ambo, alikuwa na kila kivutio cha kuyafikisha kwenye maghala ya bodi akijiita mkulima. Mwaka 2018 malalamiko yalitanda kote Bonde la Ufa: wakulima halisi walikuwa wakisubiri malipo yao ilhali wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kulipwa. Seneti ikalazimika kuunda kamati maalumu kulichunguza suala hilo.

Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Methali hii yafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila ofisi inayotayarisha ruzuku. Mwenye mzigo hupoteza, mpokeaji hupata pungufu, na anayefurahi ni yule aliye katikati, ambaye mzigo wake umepungua njiani. Si lazima mchukuzi awe mwizi wa kuzaliwa; pakacha limesukwa likiwa na mwanya, na maji hufuata mkondo.

Kuna mvujo mwingine usiohitaji ulanguzi wowote. Ruzuku ya mwaka 2022 ilikuwa sawa na shilingi 105 kwa kila pakiti. Kaya iliyoweza kununua pakiti 10 ilipata msaada wa shilingi 1,050. Kaya iliyonunua pakiti 1 ilipata shilingi 105. Kaya isiyokuwa na hata hizo shilingi 100 za kununulia haikupata chochote. Msaada uliotangazwa kwa jina la maskini uligawanywa kwa kipimo cha uwezo wa kununua, na kipimo hicho ndicho hasa ambacho maskini hana.

Tafakari ni nini kingine kingeweza kufanywa na shilingi bilioni 7. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takriban kaya milioni 12.1 nchini. Fedha hizo zikigawanywa sawa kwa sawa, kila kaya ingepata karibu shilingi 580. Zikielekezwa kwa robo ya kaya zilizo na dhiki zaidi, kila moja ingepata zaidi ya shilingi 2,300, na ingeamua yenyewe kama itanunua unga, maharagwe, mafuta ya kupikia au dawa. Si hesabu ya kinadharia tu, kwani njia za kupitishia fedha za namna hiyo zilikwishakuwako. Mpango wa Inua Jamii ulianza mwaka 2018 kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na kabla ya hapo mpango wa kukabiliana na njaa ulikuwa umepeleka fedha taslimu kwa kaya za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Kwa kiwango cha Inua Jamii, bilioni 7 zingelipa malipo milioni 3.5 ya mwezi mmoja. Swali la gharama ya fursa halisemi kwamba ruzuku ya unga ilikuwa dhambi. Linataka tu aliyeichagua aeleze kwa nini aliiona bora kuliko kile alichokiacha.

Riba, mafuta ya taa na somo lile lile

Msomaji anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya unga pekee. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti riba za benki, nayo ikaanza kutumika tarehe 14 Septemba. Benki hazikuruhusiwa kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Umma ulishangilia, na ulikuwa na sababu: riba za wakati huo zilikuwa zikimkamua mkopaji. Lakini riba ni bei kama bei nyingine. Mwenye benki aliyekuwa akimkopesha mfanyabiashara mdogo kwa riba ya juu alikuwa akijilipia hatari ya kutolipwa. Alipokatazwa kuitoza, hakuwa na wajibu wa kuendelea kukopesha. Hati za serikali zilimpa faida isiyo na wasiwasi, naye akazikimbilia.

Ni haki kusema kwamba ukuaji wa mikopo kwa sekta ya kibinafsi ulikuwa umeanza kudorora kabla ya sheria hiyo, baada ya baadhi ya benki kuporomoka mwaka 2015 na 2016. Hata hivyo sheria haikuuponya udhaifu huo, na uchunguzi uliochapishwa na Benki Kuu mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliobanwa zaidi ni wakopaji wadogo. Wengi wao waliendelea kugeukia mikopo ya simu, ambako ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30 ilikuwa jambo la kawaida. Aliyekatazwa kukopa kwa asilimia 18 kwa mwaka akajikuta akilipa asilimia 7.5 kwa mwezi. Mwezi Novemba 2019 kikomo hicho cha riba kiliondolewa.

Mfano wa tatu ni wa mafuta ya taa. Kwa miaka mingi bidhaa hii ilitozwa ushuru mdogo kuliko dizeli, kwa kuwa ndiyo iliyowasha koroboi na majiko ya maskini. Tofauti hiyo ya bei iliwavutia walaghai waliochanganya mafuta ya taa na dizeli na kuyauza mchanganyiko kwa bei ya dizeli, huku injini za magari zikiharibika. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuziba pengo hilo. Kivutio cha kuchanganya kikafifia, kwani palipokuwa na bei mbili sasa palikaribia kuwa na moja. Lakini aliyelipia usafi wa dizeli ni aliyetumia koroboi. Mfano huu ni muhimu kwa sababu unaonyesha kwamba hata sera iliyofaulu ina mlipaji wake. Mpangaji mwaminifu humtaja mlipaji huyo kwa jina, kisha hutafuta namna ya kumfidia.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba hesabu hizi ni baridi na kwamba njaa haingoji mihadhara. Hoja hiyo ina uzito, na uchumi wenyewe hauikanushi. Mwanafunzi wa sarufi anajua maana ya kunyumbua kitenzi. Mwanauchumi naye huuliza mahitaji yananyumbuka kiasi gani bei inapobadilika. Bei ya soda ikipanda maradufu, wengi watakunywa maji. Bei ya unga ikipanda maradufu, kaya inayokula ugali mara mbili kwa siku haiwezi kuacha kula. Itaacha karo, itaacha dawa, itauza kuku. Mwenye njaa hana miiko. Mahitaji ya unga hayanyumbuki kwa urahisi, na ndiyo sababu kupanda kwa bei yake huumiza kuliko kupanda kwa bei nyingine yoyote. Ndiyo sababu pia wanasiasa huuchagua unga, wala si soda, unapokaribia uchaguzi. Maumivu ni ya kweli. Kinachohojiwa ni kama dawa inafika palipo na kidonda.

Wengine watasema kwamba soko lenyewe si malaika. Hilo nalo ni kweli, na kitabu chochote cha mwaka wa kwanza hulitengea sura nzima. Palipo na muuzaji mmoja, au wachache waliokula njama, bei huwa imepandishwa na uchoyo badala ya gharama, na hapo kikomo cha bei kinaweza kumlinda mlaji bila kuleta uhaba. Ndiyo maana sheria ya udhibiti wa bei za bidhaa muhimu ya mwaka 2011 haiwezi kutupiliwa mbali kwa neno moja. Tofauti kati ya daktari na mganga wa kubahatisha ni uchunguzi: je, bei hii imepanda kwa sababu mahindi yamepungua, au kwa sababu mtu ameyafungia ghalani? Jibu la swali la kwanza ni kuongeza mahindi na kuwasaidia wasio na uwezo. Jibu la swali la pili ni kuvunja njama. Anayetoa dawa moja kwa magonjwa mawili hawezi kudai kwamba ametibu.

Aidha, kumsaidia mzalishaji badala ya kupunguza bei dukani hakumaanishi kwamba pakacha limezibwa. Serikali iliyoingia mwaka 2022 ilihamishia ruzuku kwenye mbolea, ikashusha gunia la kilo 50 kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka 2023 hadi 2,500. Kwa hoja ya ugavi, hatua hiyo ina mantiki: mbolea huongeza mahindi, ilhali bei ya amri huyagawa tu yaliyopo. Lakini mwaka 2024 ilibainika kwamba baadhi ya magunia yaliyouzwa chini ya mpango huo yalikuwa na bidhaa isiyofikia viwango. Mkulima aliyenunua kwa bei nafuu alilipia tofauti kwa msimu mzima wa mvua. Rahisi hughali, na mlipaji, kwa mara nyingine, hakutajwa siku ya tangazo.

Kiswahili na hesabu ya umma

Huenda msomaji wa jarida kama hili akauliza: haya yanamhusu nini mwanafunzi wa isimu na fasihi? Yanamhusu sana. Kiswahili ni lugha iliyokulia sokoni na bandarini, na msamiati wake wa biashara ni mpana: jumla na rejareja, dalali na mnada, amana na rehani, riba na arbuni, pishi na kibaba. Hata majina ya madhara ya bei za amri Kiswahili kinayo tayari. Nchini Uganda katika miaka ya 1970, bidhaa zilipoadimika, neno magendo ndilo lililotumiwa kuutaja uchumi mzima wa kificho, na hata wanaozungumza Kiingereza wakalikopa. Nchini Tanzania, ambako Tume ya Bei iliundwa mwaka 1973, maneno ulanguzi na mlanguzi yalipata uzito mpya katika miaka ya uhaba, hadi mwaka 1983 ilipotungwa sheria ya kuwaadhibu wahujumu uchumi. Wasemaji wa lugha hii wameonja sura ya kwanza ya kitabu cha uchumi kwa miili yao. Kilichokosekana ni kuieleza sababu kwa maneno yale yale yaliyotumika kuyaeleza maumivu.

Kosa moja li karibu na idara za Kiswahili zenyewe. Katika isimujamii, wanafunzi kuanzia shule za upili hufundishwa sajili ya sokoni: kwamba ina lugha ya kushawishi, ina kupatana bei, ina kuchanganya ndimi, ina msamiati wa bidhaa. Huchambua midomo ya muuzaji na mnunuzi, kisha somo hukomea hapo. Hawaulizi ni kwa nini mnunuzi aliyekuwa akisihiwa jana leo ndiye anayesihi, ilhali mabadiliko hayo ya lugha yameletwa na uhaba. Mhadhiri anayeweza kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba bei ikizuiwa lugha ya ushawishi huhama kutoka kwa muuzaji hadi kwa mnunuzi atakuwa amefundisha isimu na uchumi kwa pamoja.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 201 kinataka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa umma katika masuala ya fedha. Vifungu hivi viwili havijakutanishwa vya kutosha. Hotuba ya bajeti husomwa Dodoma kwa Kiswahili. Nairobi aghalabu husomwa kwa Kiingereza, kisha umma hupewa vichwa vya habari. Ni muhali kumwomba mtu ashiriki katika jambo asilosimuliwa kwa lugha anayoifikiria. Akialikwa kwenye kikao cha ushirikishaji umma bila ya kuelewa ruzuku ni nini na inatoka mfukoni mwa nani, atapiga makofi au atazomea, lakini hatashiriki.

Kazi iliyopo haihitaji tume wala mfadhili. Madarasa ya tafsiri yanaweza kutumia taarifa za Hazina badala ya kurudia aya zile zile za kila mwaka. Idara ya Kiswahili inaweza kuketi na Idara ya Uchumi na kukubaliana juu ya istilahi, kwani kwa sasa mwandishi mmoja huandika gharama ya fursa na mwingine hutumia maneno tofauti kabisa, na msomaji huachwa akidhani ni dhana mbili. Vyama vya wanafunzi vinaweza kuandaa midahalo ambamo kila sera ya bei inapimwa kwa maswali matatu: nani analipa, nini kimeachwa, na nani atabadilisha mwenendo wake?

Maswali hayo yanaweza kuulizwa na mwanafunzi, na mwenye kibanda cha mboga, na mzee anayesikiliza redio jioni. Tangazo jingine la unga wa bei nafuu litakuja, na kwa desturi ya nchi hii, halitakawia sana kabla ya uchaguzi ujao. Ukweli au uongo wa bei itakayotajwa siku hiyo utaonekana dukani. Gharama yake haitaonekana isipokuwa kwa anayejua kuiulizia, na ni jukumu la wenye lugha kuhakikisha kwamba swali hilo lina maneno ya kuulizwa nayo.